Rudolf Camerarius, Mchunguzi wa Mimea Dume na Mimea Jike

Huenda nyumbani kwenu, au katika bustani ya shule yako, ipo mipapai. Mpapai hupandwa kwa mbegu, na mbegu za papai moja zikioteshwa kitaluni hutoa miche inayofanana. Itazame miche hiyo inapofikia urefu wa sentimeta 30. Yote ina shina jororo la kijani, na yote ina majani mapana yaliyochanika mfano wa vidole vya mkono. Hakuna mche unaokuonyesha kama utazaa mapapai au hautazaa. Mkulima huipanda yote, huipalilia na kuimwagilia maji kwa miezi mingi. Ni pale mipapai inapotoa maua ndipo anapogundua kwamba baadhi yake ni mipapai dume. Hiyo hutoa maua mengi membamba yanayoning'inia katika vikonyo virefu, na kwa kawaida haizai kitu. Mingine ni mipapai jike. Maua yake ni makubwa zaidi, yamekaa karibu na shina, na hayo ndiyo yanayogeuka kuwa mapapai. Ipo pia mipapai ambayo ua lake moja lina sehemu za kiume na za kike pamoja, nayo huzaa.

Basi si ajabu kwamba watu wa nchi nyingi wamejaribu kutafuta njia ya kuutambua mpapai dume mapema, ili waung'oe kabla haujawapotezea nguvu zao. Wengine hutazama mizizi ya mche. Wengine hutazama majani, wakasema kwamba jani la namna hii ni la dume na jani la namna ile ni la jike. Lakini anayetaka kuyapima madai hayo na aiwekee miche alama, kisha asubiri hadi itoe maua, ahesabu. Ataona kwamba majani humdanganya.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyepima jambo la namna hiyo zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Rudolf Jakob Camerarius. Alikuwa daktari katika mji wa Tübingen, nchini Ujerumani. Yeye hakuwa na mipapai, kwa kuwa mpapai hauvumilii baridi ya nchi ile. Mimea aliyoitumia ni mingine, na baadhi yake unaifahamu vizuri.

Ili uelewe kazi aliyoifanya, yakupasa kwanza ujue watu wa Ulaya walivyofikiri kabla yake. Walikuwa na desturi ya kuiita mimea dume au jike kwa kuitazama umbo. Mmea wenye majani makubwa na yenye nguvu waliuita dume. Mmea unaofanana na huo, lakini wenye majani mepesi na laini, waliuita jike. Kwa mfano, katika misitu ya Ulaya huota makangaga ya aina mbili. Aina ya kwanza ina majani mazito yaliyosimama imara. Aina ya pili ina majani yaliyogawanyika katika vipande vidogo vidogo, mfano wa unyoya wa ndege. Aina ya kwanza ikapewa jina la kangaga dume, na ya pili kangaga jike. Kumbe hayo ni makangaga mawili mbalimbali, na moja si mume wa jingine, kama vile beberu asivyokuwa mume wa kondoo. Zaidi ya hayo, kangaga halina ua wala mbegu. Huzaliana kwa vumbi laini liitwalo spora, nawe waweza kuliona ukiligeuza jani la kangaga lililokomaa ukatazama upande wa chini.

Kosa la makangaga halikumdhuru mtu. Lakini yapo makosa mengine yaliyokuwa na uzito zaidi, maana siku hizo majani yalikuwa ndiyo dawa. Huko Ulaya kuna gugu dogo liitwalo merkuriali. Huota mashambani na kando ya kuta. Gugu hilo lina mimea ya kiume na mimea ya kike mbalimbali, kama mpapai. Mmea wa kike huzaa vitunda vidogo vilivyoungana viwili viwili. Waganga wa kale wa Kigiriki walivitazama vitunda hivyo vya mviringo, wakaona vinafanana na mapumbu ya mnyama, wakauita mmea huo dume. Mmea mwingine, ambao hutoa chavua tu na hauzai hata mbegu moja, wakauita jike. Yaani walipindua mambo juu chini. Daktari Dioscorides, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba majani ya mmea ulioitwa dume humsaidia mwanamke apate mtoto wa kiume, na majani ya mmea ulioitwa jike humsaidia apate mtoto wa kike. Vitabu vyake vilisomwa na madaktari kwa zaidi ya miaka 1,500. Fikiri ni wanawake wangapi walioyala majani hayo wakitumaini.

Wakulima wa Ujerumani nao walikuwa na kosa lao. Walilima mmea wa jamii ya mbangi kwa ajili ya nyuzi zake, ambazo zilitumika kutengenezea kamba, matanga na nguo. Mmea huo pia una dume na jike. Mimea myembamba yenye majani machache, inayokauka mapema, waliiita jike kwa sababu ilionekana dhaifu. Mimea minene yenye majani mengi, inayodumu shambani hadi mwisho wa msimu, waliiita dume. Ukiitazama mimea hiyo minene utaona mbegu zimejaa juu yake! Dume gani huyo azaaye? Hata hivyo jina lilidumu, baba akamfundisha mwana.

Isidhaniwe kwamba watu wote walikosea. Wakulima wa mitende wa Iraki na Arabuni walijua ukweli tangu kale. Mtende dume hutoa unga, na mkulima huyachukua maua yake, akapanda juu ya mtende jike na kuyafunga kati ya maua ya jike ili tende zipatikane. Wakulima wa Oman hufanya hivyo hata leo. Theophrastus, mtaalamu wa Ugiriki, aliiandika habari hiyo katika vitabu vyake vya mimea yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Lakini wataalamu wa Ulaya waliihesabu kuwa ni ajabu ya mtende peke yake. Hawakudhani kwamba inahusu mahindi, au maharage, au gugu la kando ya njia.

Camerarius alizaliwa mjini Tübingen mwaka 1665. Baba yake alikuwa daktari na mwalimu wa utabibu katika Chuo Kikuu cha mji huo. Kijana alifuata nyayo za baba yake. Alisoma falsafa na utabibu, kisha kuanzia mwaka 1685 hadi 1687 alisafiri katika nchi za Ulaya ili aone jinsi wataalamu wengine walivyofanya kazi. Alifika Uholanzi, Uingereza, Ufaransa na Italia. Aliporudi, mwaka 1688, alifanywa mwalimu wa utabibu na akakabidhiwa usimamizi wa bustani ya mimea ya Chuo Kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Yamkini utauliza kwa nini daktari apewe bustani. Siku zile dawa nyingi zilitoka katika mimea. Mwanafunzi wa utabibu alipaswa kuijua mizizi, magome na majani kama vile mwanafunzi wa leo anavyopaswa kuzijua sindano na vidonge. Bustani ilikuwa ndiyo duka lake la dawa na ndiyo darasa lake. Kwa hiyo Camerarius alikuwa na mambo matatu ambayo mkulima wa kawaida hakuwa nayo yote pamoja: mimea ya namna nyingi, nafasi ya kuitenga, na muda wa kuitazama.

Sasa tulitazame ua. Chukua ua la mbaazi au la pamba, ulifungue polepole. Ndani yake utaona vijiti vidogo vyenye vichwa vilivyojaa unga wa manjano. Vijiti hivyo huitwa stameni, na unga huo huitwa chavua. Katikati utaona sehemu moja iliyonenepa upande wa chini. Sehemu hiyo nene ni ovari, na ndani yake mna vijiyai ambavyo baadaye huwa mbegu. Ncha yake ya juu huitwa stigma. Katika mimea mingi stameni na ovari hukaa ndani ya ua moja. Katika mingine hukaa katika maua mbalimbali, lakini juu ya mmea mmoja. Na katika michache, kama mpapai, mtende, mvumo na merkuriali, stameni huwa katika mmea mmoja na ovari katika mmea mwingine.

Wataalamu wa wakati wa Camerarius waliziona sehemu hizo, lakini hawakukubaliana juu ya kazi yake. Mwingereza Nehemiah Grew, katika kitabu chake cha mwaka 1682, alisema kwamba huenda stameni zinafanya kazi ya kiume. Hilo lilikuwa wazo zuri, ila hakulijaribu. Mfaransa Joseph Pitton de Tournefort, aliyekuwa mwalimu mashuhuri mjini Paris, alifundisha kinyume chake. Yeye alidhani kwamba chavua ni uchafu ambao ua huutoa nje, kama mwili utoavyo jasho. Mwanafunzi wa siku hizo angemwamini nani? Tournefort alikuwa na jina kubwa zaidi kuliko wengi. Lakini jina halioteshi mbegu.

Camerarius alianza kwa jambo aliloliona kwa bahati. Mwaka 1691 aliuchunguza mforosadi mmoja wa kike. Karibu na mti huo hapakuwa na mforosadi wa kiume. Hata hivyo mti ulizaa matunda, tena ya kupendeza. Mtu mwingine angeyala akaenda zake. Camerarius aliyapasua, akazitazama mbegu zake. Zote zilikuwa tupu, maganda matupu yasiyo na kitu ndani. Akakumbuka jambo ambalo kila mfugaji analijua: kuku asiye na jogoo hutaga mayai, tena mayai mazuri, lakini hayaangui vifaranga hata yakilaliwa siku ngapi. Je, yawezekana kwamba mforosadi ule ulikuwa kama kuku yule?

Swali hilo lilihitaji kujaribiwa. Camerarius akaichukua mimea miwili ya kike ya merkuriali, akaipanda katika vyungu na kuiweka mbali na mimea ya kiume. Aliitunza vizuri. Mimea ikastawi, ikajaa majani ya kijani, ikatoa maua na vitunda vingi. Kwa kuitazama tu ungesema haina upungufu wowote. Lakini vitunda vilipofikia nusu ya kukomaa vilianza kunyauka, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mbegu nzima ndani yake. Basi, chavua ya gugu lile haikuwa uchafu. Bila hiyo hapakuwa na kizazi.

Hata hivyo mtu mbishi angeweza kusema kwamba merkuriali ile ilidhoofika kwa sababu ya kuwekwa chunguni. Kwa hiyo Camerarius akachagua njia nyingine, yaani kuuacha mmea ardhini mahali pake na kuuondolea sehemu moja tu. Alitumia mbarika, ambao watu wengine huuita mnyonyo. Uutazame mbarika utakapopita karibu nao, maana huota sana kando ya vijiji vyetu. Katika kishada kimoja, maua ya chini ni ya manjano, yenye stameni nyingi. Hayo ni ya kiume. Maua ya juu ni ya kike. Yana stigma nyekundu, na chini yake mna ovari yenye miiba laini. Camerarius aliyaondoa maua ya kiume yote yakiwa bado vitumba, kabla hayajapasuka na kumwaga chavua. Maua ya kike hakuyagusa. Siku zikapita, ovari zikanyauka. Hakupata mbegu hata moja iliyo kamili.

Kisha akaugeukia muhindi. Mahindi yalikuwa yameletwa Ulaya kutoka Marekani baada ya safari za Columbus, nayo yalipandwa hata katika bustani za Ujerumani. Wewe unayajua mahindi kuliko Camerarius alivyoyajua, basi fuata vizuri. Juu kabisa ya muhindi huwa na mbelewele. Hayo ni maua ya kiume, na ukiyatikisa yanapokomaa utaona vumbi la chavua likianguka. Ubavuni mwa shina hutokea hindi, na kutoka ncha yake hutokeza ndevu. Kila uzi wa ndevu hizo umeungana na punje moja. Chavua ikiushukia uzi, punje yake hukua. Isipoushukia, punje haipo. Ndiyo maana mara nyingine unapomenya hindi unaona mapengo, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Camerarius alizikata ndevu za mahindi mapema, kabla hazijapokea chavua. Hakuukata muhindi, wala hakuyagusa majani yake. Mahindi hayo yalipomenywa, ndani hamkuwa na punje, ila maganda madogo matupu yaliyojipanga juu ya gunzi.

Linganisha majaribio hayo mawili. Katika mbarika aliiondoa sehemu ya kiume. Katika mahindi aliiharibu sehemu ya kike inayopokea. Njia zilikuwa mbili, na matokeo yakawa yale yale. Mtu aliyetaka kumbishia sasa alipaswa kutafuta maneno mengi.

Na hapo ndipo ulipomjia mmea ule wa nyuzi, wa jamii ya mbangi. Camerarius aliitenga mimea ya kike na kuiondoa ya kiume, kama alivyofanya kwa merkuriali. Alitazamia kwamba mbegu zitakuwa tupu. Lakini baadhi ya mbegu zilikuwa nzima! Akaona wazi kwamba jambo hilo linapingana na maelezo yake, naye hakuweza kulieleza. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna mtu aliyekuwa amesimama pale bustanini akihesabu mbegu zake. Badala yake aliliandika pamoja na majaribio mengine, ili wasomaji wake walijue.

Leo twaweza kulieleza jambo lililomsumbua. Chavua ya mmea huo ni nyepesi sana, nayo huchukuliwa na upepo kwenda mbali, ukapita ukuta wa bustani na mashamba kadhaa. Tena mmea wa kike wa jamii hiyo mara nyingine hutoa maua machache ya kiume juu yake wenyewe, madogo, yaliyojificha kati ya majani. Kuling'oa kila dume lililo karibu hakutoshi. Kama Camerarius angelificha jambo hilo, waliomfuata wasingejua kwamba hapo pana kitu cha kutafuta.

Tarehe 25 Agosti mwaka 1694 aliyakusanya yote hayo katika barua ndefu. Alimwandikia Michael Bernhard Valentini, mwalimu wa utabibu katika mji wa Giessen. Barua hiyo ilichapishwa mwaka ule ule kwa Kilatini, lugha iliyotumiwa na wataalamu wa Ulaya, na jina lake maana yake ni barua juu ya jinsia ya mimea. Humo alieleza kwamba vichwa vya stameni ni sehemu za kiume za mmea, na kwamba ovari pamoja na stigma ni sehemu za kike. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29. Mwaka huo huo, mjini Paris, Tournefort alitoa kitabu chake kikubwa cha elimu ya mimea. Kitabu cha Tournefort kilienea sana. Barua ya Camerarius ilisomwa na wachache.

Hakujua kila kitu, wala yeye hakudai hivyo. Aliona kwamba chavua ni lazima, lakini hakuweza kuona jinsi inavyofanya kazi. Mambo hayo yalionekana kwa darubini katika karne ya 19, wataalamu walipoiona chavua ikitoa mrija mwembamba juu ya stigma, na mrija ule ukishuka hadi kwenye vijiyai vilivyo ndani ya ovari. Kazi kubwa inayofanywa na nyuki na wadudu wengine katika kuibeba chavua nayo ilielezwa vizuri baada ya siku zake.

Je, majani hayawezi kabisa kutuonyesha dume na jike? Hapa tusiseme zaidi ya tunalolijua. Ipo mimea michache ambayo dume na jike hutofautiana kwa majani. Katika milima ya Rasi, nchini Afrika Kusini, kuna vichaka vya jamii iitwayo Leucadendron. Katika baadhi ya aina zake, kichaka jike kina matawi machache na majani makubwa, na kichaka dume kina matawi mengi membamba yenye majani madogo zaidi. Ukiwa mgeni waweza kudhani kwamba ni mimea miwili isiyo na udugu. Na katika mmea ule wa nyuzi, jike huwa na majani mengi zaidi kuliko dume. Lakini waona kwamba katika mifano hiyo ni jike lenye majani makubwa au mengi, jambo ambalo ni kinyume cha mawazo ya wazee wa Ulaya. Tena hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa kutazama jani peke yake. Ilibidi kwanza alitazame ua, ndipo arudi kwenye jani.

Katika mimea mingine majani hayasaidii. Mivumo dume na mivumo jike ya pwani yetu hubeba majani yale yale, mapana kama kipepeo cha kupepelea moto, na utaitofautisha utakapoona maua au matunda. Mpapai nao ni hivyo. Wataalamu wa leo wamegundua kwamba jinsia ya mpapai huamuliwa tangu mbegu inapoanza, na vitu vidogo vilivyo ndani ya seli zake vinavyoitwa kromosomu. Katika maabara waweza kuchukua kipande cha jani la mche mchanga, ukakipima, ukajua kama ni dume au jike. Jambo hilo hujulikana kwa yaliyomo ndani ya seli za jani, si kwa umbo lake. Mkulima asiye na maabara hupanda miche miwili au mitatu katika shimo moja, akasubiri maua, kisha huuacha mche anaoutaka na kuing'oa mingine. Hata hivyo huwaacha madume machache shambani, ili majike yapate chavua.

Camerarius aliendelea kukaa Tübingen. Mwaka 1695 alichukua nafasi ya baba yake kama mwalimu mkuu wa utabibu, akafundisha na kuwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1721, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuishi kuona kazi yake ikipata sifa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1735, Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa kitabu alichopanga ndani yake mimea yote kwa kuzihesabu stameni zake na sehemu zake za kike. Mimea ambayo dume na jike hukaa mbalimbali aliiweka katika kundi la peke yake, akalipa jina la Kigiriki lenye maana ya nyumba mbili. Jambo la kuchekesha ni kwamba alipoyapa makangaga majina ya kitaalamu, mwaka 1753, Linnaeus aliyaacha majina ya kale ya dume na jike, na makangaga hayo mawili yangali yakiitwa hivyo hadi leo.

Mjini Berlin kulikuwa na mti mmoja wa jamii ya minazi, wenye majani mfano wa ya mvumo. Ulikuwa jike. Kwa miaka mingi ulitoa maua bila kupata mbegu nzima. Mwaka 1749 mtaalamu Johann Gottlieb Gleditsch alisikia kwamba mjini Leipzig upo mti dume wa aina hiyo. Akaomba aletewe maua yake, nayo yakasafirishwa kwa posta hadi Berlin. Gleditsch akaipakaza chavua hiyo juu ya maua ya mti jike. Matunda yakakua na kukomaa, naye akazipanda mbegu zake ardhini. Mbegu zikaota.